Nauza Kiti 63 za Ndege, Bei ni Maelewano

Juzi saa nne usiku nilipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya pesa.

"Omera, hivyo viti vya ndege bado viko?"

"Viko."

"Vinalala?"

Nikadhani ananipima kama naijua kazi, maana boksi likilazwa chini ya wenzake hubonyea kona, na boksi lililobonyea ni hasara. Nikamjibu kwa maringo: "Ndugu yangu, hapa hakuna kinacholala. Vyote vimesimama wima."

Kimya. Kisha akauliza polepole, kama daktari anayeongea na jamaa za mgonjwa: "Sasa abiria wangu atalala vipi kutoka Kisumu mpaka Nairobi?"

Kosa ni langu, lakini nusu tu. Zile ndege ndogo za plastiki za kuunganisha mwenyewe, boksi zima na vipande na stika zake, Wazungu wana neno lao, kit, na ukilitamka kwa ulimi wa Kondele hapa Kisumu linakuwa kiti. Nikaandika tangazo hivyo hivyo: kiti 63 za ndege, hazijaguswa, bei ni maelewano. Tangu siku hiyo nimeshaongea na wenye matatu wawili, kinyozi mmoja, na mchungaji anayetaka vitatu tu vya kuweka mbele, vya wageni waheshimiwa.

Chanzo cha haya yote ni friji. Kuna mzee huko Milimani alikuwa anauza vitu vya nyumba ahamie kwa mwanawe ng'ambo, na Mama Achieng akanipa elfu arobaini nikalete friji. Nikafika, friji nikaiona, ikanguruma vizuri. Basi si ningelipa nikaondoka? Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi. Mabokisi yamepangwa mpaka dari, kila moja na picha ya ndege ikipasua mawingu, moto unatoka kwenye injini ya adui. Mimi tangu utotoni nikisikia ndege inashuka uwanja wa Kisumu lazima nitoke nje. Mzee akaniona nilivyosimama. Akasema kwa upole, "Hizo ni zote au hakuna."

Hayo maneno, zote au hakuna, yakumbuke, maana ndipo ujanja wa mkusanyiko ulipo. Nilikuwa nimetamani boksi tatu: F-5, kama zile za jeshi letu za Laikipia, na mbili za viwanda vya Kijapani, Hasegawa na Tamiya. Hizo sitini nyingine ni ndoa, yaani umempenda msichana, ukoo mzima umehamia kwako. Ndani yake kulikuwa na Spitfire, zile za kivita za Waingereza, saba. Saba! Airfix, kiwanda cha Uingereza, walitoa Spitfire yao ya kwanza miaka ya 1950 na mpaka leo bado wanatoa Spitfire, ndiyo maana kila mkusanyaji anazo, na ndiyo maana hakuna anayekuuliza unazo ngapi.

Nilipofika nyumbani na tuktuk mbili, Mama Achieng alitoka na chupa ya maziwa mkononi, tayari kuiweka kwenye baridi.

Jumapili nikazipeleka soko la Kibuye. Nikatandika turubai kati ya mama wa mitumba na jamaa wa chaja za simu. Swali la kwanza: inaruka? La pili: betri ziko? La tatu: remoti iko wapi, ama umeificha? Nikaeleza mpaka koo likakauka kwamba hii ni ndege halisi iliyopunguzwa mara 72, kwamba futi sita zinakuwa inchi moja, hata rubani ukimsimamisha ni inchi moja na kofia yake. Yule mama wa mitumba alinisikiliza akikunja suruali, akafungua boksi moja, akaona vipande vimeshikana kwenye fremu zake kama mifupa ya omena.

"Kwa hivyo," akasema, "unauza ndege iliyovunjika, mtu akajitengenezee nyumbani, kwa bei ya ndege nzima."

Watu walicheka. Nilitamani kumjibu lakini sikuona alipokosea.

Tegemeo langu lilikuwa Sunderland. Hii ni ndege ya majini, mabawa yake hata kwa hicho kipimo kidogo yanakaribia nusu mita, na binamu zake wakubwa wa miaka ya 1930, zile za Imperial Airways zilizotoka Southampton zikienda Durban, zilikuwa zinatua hapa hapa kwenye ziwa letu. Nikasema, mtu wa Kisumu asiponunua hii atanunua nini? Akaja mvuvi wa Dunga, mzee wa heshima, nikampa hiyo historia yote. Akaigeuza picha juu chini. Akasema tumbo la mashua liko sawa, limekaa vizuri, lakini hayo mabawa yatanasa nyavu, ningefanya vizuri kuyaondoa.

Nikaona basi, nitawauzia wenye maradhi haya, walioko ng'ambo. Hapo ndipo nilipojua kuna watu duniani wanaoulizana maswali kama polisi wa trafiki mwisho wa mwezi. Mifuko ya ndani bado imefungwa? Kioo cha rubani kina mkwaruzo? Stika zimegeuka njano? Karatasi ya maelezo ni ile ya kwanza? Piga picha ya kona zote nne za boksi. Nikapiga picha za kona mia mbili hamsini na mbili. Jibu likaja: anataka Hasegawa na Tamiya tu. Mwingine akaja: Hasegawa na Tamiya. Wa tatu alikuwa dalali wa Uingereza, yeye kwa huruma akasema atachukua zote, kwa theluthi ya bei atakayoziuzia yeye, na usafiri juu yangu. Nikajaribu zote au hakuna. Wakachagua hakuna.

Usafiri wenyewe usiniulize. Boksi la ndege ni jepesi kama kifungu cha mandazi, lakini watu wa kutuma mizigo hawakupimii uzito peke yake. Wanachukua urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanazidisha, wanagawanya kwa elfu tano, wanakuambia hizo ndizo kilo. Hewa! Nilipishwe hewa ya Kisumu, na imejaa bure hapa nje.

Lakini linaloniuma zaidi ni hili. Kijana wangu aliniona nimekaa na mawazo, akaamua kunisaidia. Akachukua F-5, akaiunga usiku kucha. Gundi ya kazi hiyo huyeyusha plastiki kidogo ili vipande vishikane, kwa hivyo alama ya dole gumba lake imebaki kwenye bawa milele, kama kitambulisho. Gundi ilipoisha akamalizia na supagluu, ambayo mvuke wake huweka ukungu kwenye plastiki angavu, na sasa rubani anaendesha kama amefungiwa bafuni na maji ya moto. Hata hivyo nilijivunia. Nikawaandikia wale watu: moja tayari imeshaungwa, mtoto amefanya kazi, niongezeni kitu. Wakasema iliyoungwa bei inashuka. Inashuka! Unga una bei kuliko chapati. Nimetafuta kazi nyingine duniani ambayo mtu akiifanya analipwa pungufu ya aliyekaa, nimekosa, labda siasa.

Zile stika za njano nilipata dawa yake. Wazee wa kazi hii huzibandika dirishani wiki kadhaa, jua linakula unjano. Na jua, Kisumu tunalo la kugawa. Nikazibandika kwenye kioo cha sebuleni kwa selotepu, karatasi nne za Spitfire, na kweli zikaanza kuwa nyeupe. Sikumwambia Mama Achieng kwamba stika hizi huachia karatasi zikipata maji. Jumamosi alikuja na ndoo na tambara. Niliporudi kutoka kinyozi, karatasi zilikuwa sakafuni tupu, na dirisha letu lilikuwa limejaa maduara ya bluu, nyeupe na katikati jekundu.

"Nimefuta mara tatu," akaniambia. "Hazitoki."

Jirani ameshauliza ibada ni saa ngapi.

Yule mwenye matatu alikuja mwenyewe mwisho wa wiki, maana hakuamini simu. Nikamwonyesha mabokisi. Alisimama mlangoni muda mrefu, kofia mkononi, kama aliyefika matangani akakuta si maiti yake. Halafu macho yakatua juu ya televisheni, kwenye F-5 ya kijana.

"Na hiyo?"

"Hiyo imeharibika."

"Haijaharibika. Hiyo ndiyo imetengenezwa." Akatoa mia tatu. Mpaka leo ndiyo pekee niliyouza.

Leo asubuhi nimepanda gari lake kwenda Nakuru. Kuna mtu wa Section 58 ana boksi kumi na nane, anasema hamna Spitfire hata moja. Mama Achieng anajua naenda kuangalia friji. Ndege yetu ilikuwa inaning'inia kwenye kioo cha dereva, inazunguka kila kona, dole gumba la kijana wangu linaonekana mpaka kiti cha tatu. Konda alipofika nikamwambia taratibu kwamba hiyo ndege pale mbele ilitoka kwangu, kwa hivyo nauli tunaweza kuongea.

Akaitazama ndege. Akanitazama mimi.

"Wewe ndiye yule wa viti?"

Gari zima likageuka.