Manuel José hakubebwa na Ahly, yeye ndiye aliyeibeba

Juzi nasikiliza podikasti moja ya mpira, wanataja makocha wa Kireno waliofanya makubwa nje ya kwao, Mourinho, Jorge Jesus, Abel Ferreira kule Brazil, safi kabisa, sina ugomvi na hao. Mmoja akamtaja Manuel José, yule aliyeifundisha Al Ahly ya Cairo, Misri. Mwenzake akamkatisha hapohapo, "aah huyo alikuwa Ahly bwana, Ahly hata ukimpa nani anabeba", wakacheka, wakarudi kwa Mourinho. Nikazima. Hasira haijaisha mpaka leo, nimeona niiandike.

Hilo la "hata ukimpa nani" ndilo linaloniuma kuliko yote.

Manuel José anafika Cairo 2001. Hiyo Ahly mnayosema inabeba yenyewe ilikuwa haijashika ubingwa wa klabu Afrika tangu 1987, miaka 14. Kuna misimu ya miaka ya 90 hawakushiriki kabisa, haya, hiyo nawapa, lakini hata nyumbani ligi ya 2001 ilishaenda kwa Zamalek, mahasimu wao wa hapohapo Cairo. Mzee kaingia, mwaka uleule yuko fainali ya Afrika na Mamelodi Sundowns, sare 1-1 Pretoria, marudiano Cairo 3-0, Khaled Bebo kafunga yote. Mei 2002 Zamalek akala 6-1, Bebo tena, safari hii mabao 4. Ligi msimu ule hakuipata, waliichukua Ismaily, hilo siwezi kulificha. Akaondoka.

Sasa hapa ndipo nataka watu wa "hata ukimpa nani" wakae vizuri. Klabu ikampa Jo Bonfrère, Mholanzi aliyewapa Nigeria dhahabu ya Olimpiki Atlanta 1996, kwa hiyo hatuongelei kocha wa kuokoteza. Hela ileile, jezi ileile, mashabiki walewale. Ligi ya 2003 ikawaponyoka siku ya mwisho kabisa, wamefungwa na Enppi, Zamalek kabeba. Msimu uliofuata Zamalek kabeba tena. Yaani jaribio mnalolisema kwa mdomo lilishafanyika uwanjani na majibu yapo! Na ukubwa wa Cairo peke yake haujawahi kumkinga mtu, sisi wa huku tungekuwa wa kwanza kulijua hilo, si Simba hawa hawa 2003 waliwang'oa Zamalek, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penati, tena kulekule Cairo?

Katikati ya msimu ule mbovu wakamrudisha Mreno. Na kipindi hichohicho anasajiliwa jamaa mmoja kutoka Tersana, miaka 25, hana jina kubwa, anaitwa Mohamed Aboutrika. Barakat naye akaja. Msimu wa 2004/05 wakacheza mechi 26 za ligi, wakashinda 24, sare 2, hawakufungwa hata moja. Ubingwa wa Afrika 2005 wakabeba mbele ya Étoile du Sahel ya Tunisia, 0-0 kule na 3-0 nyumbani. Kisha 2006, fainali na Sfaxien, nao wa Tunisia, Cairo ilikuwa 1-1, marudiano kwao Radès dakika zimekwisha bado 0-0, ikiisha hivyo kombe linabaki Tunisia kwa bao la ugenini, na hapo dakika za nyongeza mpira unadondokea mguu wa kushoto wa Aboutrika. Anayependa mpira wa Afrika na hajawahi kuliona lile bao akalitafute leo.

Lakini mimi ukiniuliza kazi ya kocha ni nini, sikutajii Aboutrika, nakutajia Flávio. Straika wa Angola, kaja 2005, msimu wa kwanza mabao yakamgomea vibaya, majukwaa yakamchoka, na mnajua presha ya majukwaa ya Cairo ilivyo. Kocha yeyote anayeangalia ajira yake angemweka benchi akasema usajili haukuwa wake. Manuel José akaendelea kumpanga. Yuleyule Flávio ndiye aliyefunga bao la kwanza la Angola katika historia ya Kombe la Dunia, 2006 dhidi ya Iran, na Desemba ile kule Japan akawafunga Internacional ya Brazil kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Ahly walipoteza ile 2-1 lakini wakaenda kuwapiga Club América ya Mexico 2-1 wakashika nafasi ya 3 duniani. Kwetu huku straika akikosa mechi 3 tu tunataka arudishwe kwao na kocha aende naye ndege moja! Halafu tunakaa kujiuliza Waarabu wanatuzidi nini. Wanatuzidi subira, kwa sababu hata wao walipoikosa kama 2003 walipigwa. Yanga walikutana na Ahly ya mzee huyu 2009, wakapigwa nje ndani, na timu ile ilikuwa imekaa pamoja miaka.

2007 alipoteza fainali, Étoile walikuja Cairo wakampiga 3-1, haikupendeza hata kidogo. 2008 akabeba tena mbele ya Cotonsport ya Cameroon. Mara 4 jumla: 2001, 2005, 2006, 2008. Pitso Mosimane, kocha wa Afrika Kusini ambaye namheshimu sana sana, anazo 3.

Kuna wanaosema basi mbona kwingine hakung'ara. Kwanza Ureno alishachukua kombe lao na Boavista 1992, na Benfica na Sporting zote alizifundisha, kwa hiyo huyu hakuja Afrika kama mtu aliyekosa pa kwenda. Timu ya taifa ya Angola aliyoifundisha, sawa, tukubaliane, ile 4-4 na Mali ya Januari 2010, unaongoza 4-0 mpaka dakika ya 79 nyumbani Luanda kwenye ufunguzi wa Afcon, ile hakuna wakili wa kuitetea. Ila watu wanaishia hapohapo, hawasemi kwamba kundi aliliongoza na robo fainali akatolewa na Ghana kwa bao 1 la Asamoah Gyan. Saudia na Ittihad ya Jeddah ilikuwa fupi. Iran na Persepolis ya Tehran haikwenda, basi.

Na sasa Port Said, mji wa Misri wenye klabu ya Al Masry. Nisamehewe nikiandika kwa uchungu.

Tarehe 1 Februari 2012 yeye ndiye kocha, awamu yake ya tatu. Al Masry wameshinda 3-1, filimbi ya mwisho, watu wakavamia uwanja, wakaenda kwa mashabiki wa Ahly. Watu 74 walikufa. Vijana wadogo, wamesafiri kuangalia mpira. Wengine walikata roho ndani ya chumba cha kubadilishia nguo mbele ya wachezaji, mmoja mikononi mwa Aboutrika. Manuel José mwenyewe alipigwa ngumi na mateke. Mzee anakaribia miaka 66. Aboutrika, Barakat na Moteab wakatangaza wanaacha mpira, na nani angewalaumu?

Mreno yule alikuwa na kila sababu ya kubaki kwao asirudi tena. Alirudi. Ligi imefutwa, wachezaji wamevunjika mioyo, hakuna hata bonasi ya kugombania, na yeye akawarudisha mazoezini akawapeleka Ligi ya Mabingwa. Mei wakawatoa Stade Malien, ugenini wamefungwa 1-0, Cairo wakashinda 3-1, na yote 3 kafunga Aboutrika, yuleyule aliyesema hachezi tena. Baada ya hapo mzee akaaga. Timu ikachukuliwa na Hossam El-Badry, aliyekuwa msaidizi wake, na Novemba mwaka huohuo wakaenda Radès kuwafunga Espérance ya Tunisia, wakawa mabingwa wa Afrika.

Kombe hilo kwenye rekodi zake halipo, na ni sawa, ni la El-Badry. Lakini timu iliyolichukua, ikiwa haina ligi nyumbani na imetoka kuzika watu wake, ilisimamishwa na nani? Hao wa podikasti wanijibu hilo kwanza, halafu ndio tuongee habari za hata ukimpa nani.