Vifurushi 24 kwa saa: kwa nini kamati ya 2016 ilikuwa sahihi kuhusu 14(c)

Sheria ya kima cha chini cha mshahara ya Marekani ya mwaka 1938 ina kifungu cha 14(c), na kifungu hicho kingalipo. Mwajiri mwenye cheti cha Wizara ya Kazi anaruhusiwa kumlipa mfanyakazi mwenye ulemavu chini ya kima cha shirikisho, ambacho tangu 2009 ni dola 7.25 kwa saa. Chini kiasi gani? Kifungu hakitaji. Kinachotajwa ni hesabu tu.

Julai 2014 Bunge lilipitisha sheria ya mafunzo na ajira iliyounda kamati ya kuishauri serikali namna ya kuwaingiza watu wenye ulemavu katika ajira za kawaida, zenye mshahara sawa na wa wenzao, mahali wanapofanya kazi pamoja na watu wengine. Ripoti yake ya mwisho ilitoka Septemba 2016 na kupendekeza 14(c) iondolewe hatua kwa hatua kwa miaka kadhaa. Mjadala uliofuata ulikuwa zaidi wa utu na heshima, na ni haki. Lakini kwangu hoja nzito iko kwenye hesabu yenyewe, na hapo ndipo watetezi wa kifungu hukaa kimya.

Hesabu huanza kwa mshahara unaolipwa wafanyakazi wazoefu wa kazi hiyo hiyo katika eneo hilo, ambao kwa kawaida hupatikana kwa kuuliza waajiri watatu hivi. Kisha asiye na ulemavu hupimwa kwa saa ili kupata kiwango, naye mwenye ulemavu hupimwa dhidi ya kiwango hicho. Tuseme kazi ni kufunga vifurushi, mshahara wa eneo ni dola 12, na mpimwaji wa kiwango anafunga kimoja kwa dakika. Ukitoa dakika 10 za mapumziko, uchovu na ucheleweshaji katika kila saa, kiwango ni vifurushi 50. Anayefunga 24 amefikia asilimia 48, hivyo anastahili dola 5.76.

Sasa sahau zile dakika 10. Kiwango kinapanda hadi 60, malipo yanashuka hadi 4.80. Mweke mfanyakazi mwepesi kuliko wote awe kipimo, afunge 75, nayo yanakuwa 3.84. Mikono ni ile ile na vifurushi ni vile vile 24. Tena anayeshika saa ni mwajiri, ambaye kila senti inayopungua inabaki kwake. Kanuni zinataka kipimo kirudiwe angalau kila miezi 6, lakini kipimo kibovu kilichorudiwa ni kibovu bado. Ukaguzi unaweza kurudisha mishahara iliyopunjwa, ila mkaguzi hufika baada ya kazi kwisha.

Hapa sitaki kuipamba kamati. Kazi yake ilikuwa kushauri, na mapendekezo ya kubadili sheria yanalihitaji Bunge. Kilichofanya kazi haraka zaidi ni kifungu cha 511, kilichopitishwa katika sheria ile ile ya 2014 na kuanza Julai 2016: kijana wa miaka 24 au chini hawezi kuanzishwa kwenye mshahara mdogo kabla ya kupitishwa kwenye huduma za kutafutiwa kazi, na wanaolipwa mshahara huo tayari lazima wapewe ushauri wa ajira mara kwa mara. Si marufuku, ni kizuizi cha makaratasi, lakini kimefanya njia ya kutoka shule moja kwa moja hadi karakana, yaani mahali pa kazi palipotengwa kwa watu wenye ulemavu, iwe ngumu.

Ugumu wa kweli wa kuondoa 14(c) ni fedha za huduma. Kuwasimamia watu 20 katika chumba kimoja ni rahisi kupanga na kulipia. Kumpa mtu mmoja mwelekezi wa kukaa naye kazini wiki za kwanza, kisha kupunguza taratibu saa za mwelekezi huyo, ni ghali mwanzoni. Jimbo likifunga karakana bila kuhamishia fedha kwa waelekezi, watu hurudi nyumbani badala ya kwenda kazini. Wapinzani wanaoliogopa hilo hawakosei kuogopa, wanakosea dawa.

Majimbo kadhaa yameendelea bila kulisubiri Bunge: New Hampshire ilipiga marufuku mishahara hiyo 2015, Maryland ikatunga sheria ya kuikomesha hatua kwa hatua 2016. Serikali ya shirikisho nayo ilipendekeza Desemba 2024 kanuni ya kuvimaliza vyeti vya 14(c) kwa miaka 3, ikaiondoa 2025. Kwa hiyo mfungaji vifurushi wa jimbo lisilo na sheria yake bado anaweza kupimwa kwa saa ya mwajiri.