Magharibi ya Unguja Ndani ya Treni ya Milton Keynes

Dada yangu yuko Milton Keynes siku nyingi, ana mashine ya kuoshea vyombo na mume anayejipigia pasi mwenyewe, lakini akisikia mtu anakwenda huko kutoka nyumbani anamtumia orodha utadhani Uingereza haina duka. Safari yangu ilipofika, orodha ilikuwa hii: halua, ubuyu, papa mkavu, mbuzi ya kukunia nazi, na saa ya adhana. Ile ya plastiki yenye umbo la msikiti, kuba la kijani, minara miwili. Nikamuuliza, dada, simu yako si inaadhini? Akasema simu haina adabu, inaadhini mpaka chooni.

Basi nikainunua Darajani. Muuzaji akatia betri, akaipanga kwa saa za Unguja, nikaizungushia kanga mbili isije ikavunjika, nikaisokomeza begini kati ya halua na papa. Kwa kuwa ilikuwa Desemba, nikachagua na kofia ya sufu ya mtumba, nyekundu, ina kishungi cheupe juu. Sikuuliza wenyewe huivaa lini. Kichwa kilitaka joto.

Heathrow nilipita bila swali. Dada mpaka leo anasema ni ile kofia.

Treni ya kutoka Euston ilikuwa imejaa, begi likabaki kwenye rafu ya mlangoni. Chini ya rafu ameketi mzee Kalasinga, kilemba cha buluu, ndevu mpaka kifuani, anasoma gazeti lake. Mie nikapata kiti katikati, ubavuni mwa bibi mmoja wa Kiingereza aliyepakata zawadi za Krismasi. Akaitazama kofia yangu, akafurahi, akanipa peremende. Akauliza kama naimba kwaya. Nikasema hapana. Akanipiga kofi la goti: nyie Waafrika bwana, sauti mnazo ila mnajificha. Nikafyonza peremende yangu.

Kwenye treni za kule kuna tangazo lililoanza 2016: ukiona jambo lisilo la kawaida, toa taarifa. Linarudiwa mpaka Waingereza wenyewe wanalikejeli. Lakini nilikuwa nayaangalia macho ya watu. Kila spika ikisema "jambo lisilo la kawaida", watu wawili watatu wanamtupia jicho mzee wa kilemba. Halafu joto la behewa likamwamsha papa. Wenye pua wakaanza kuzikunja kuelekea mlangoni. Mzee naye alikuwa amekunja yake, tena kuliko wote, lakini hilo hakuna aliyemhesabia.

Tumeshapita Watford. Saa tisa na nusu ya Uingereza, saa kumi na mbili na nusu ya Unguja. Kwetu jua limetua. Saa ya dada ikatimiza wajibu wake.

"Allahu Akbar, Allahu Akbar!"

Wallahi sijapata kusikia spika ndogo yenye kifua namna ile. Na zile kanga zikaifanya sauti itoke nzito, ya mtu aliyefukiwa. Behewa zima likamgeukia Kalasinga. Masikini mzee wa watu, gazeti mkononi, mdomo kaufumba, na adhana inaendelea! Kijana mmoja akaruka meza. Kahawa ikaingia kwenye kompyuta ya mtu. Mama kambeba mtoto, kamsahau mumewe. Mtu akavuta kengele ya dharura.

Nikainuka nikaizime. Bibi akanidaka koti, kucha zote ndani.

"Usiende, mwanangu. Usijifanye shujaa. Hawa watu hatuwajui."

"Bibi, lile begi..."

"Kaa. Tuombee. Nyie mnajua kuomba."

Ningefanyaje? Nikafungua mikono, nikasoma Ayatul Kursiyu yote, polepole, kwa Kiarabu chake. Bibi kafumba macho. Nilipomaliza akasema "Amen", na rangi ikamrudia usoni.

Tukateremshwa kituo kinachofuata, upepo unakata masikio. Mzee kasimamishwa peke yake, mikono juu. Nikamwendea polisi nikamwambia begi ni langu. Akaitazama kofia, akaniambia kwa upole kabisa nirudi nyuma, wanalishughulikia. Nikarudia kwa sauti: begi ni langu, hiyo ni saa ya adhana, na mimi ni Muislamu. Bibi alikuwa ameniandama mpaka pale, bado kanishika koti. Akaliachia. Nilipogeuka alikuwa ameshafika kwenye ule umati, ananitazama kwa mbali kwa macho aliyokuwa akimtazamia mzee. Dakika ishirini hazijapita nilikuwa mwanawe.

Akaletwa mbwa. Mbwa wa mabomu hufunzwa asibweke. Akinusa anachokitafuta, huketi akatulia. Huyu alilifikia begi, akaketi. Ulimi nje, mkia unafagia sakafu. Polisi wakarudi nyuma wote kwa pamoja. Mie najua kaketi kwa nini.

"Yarabi, papa wa dada!" nikaropoka.

Mzee Kalasinga, mikono bado juu, akageuza shingo. "Kijana, kumbe hiyo mzigo ni yako?"

Kwa Kiswahili! Kumbe mzaliwa wa Nakuru. Waliondoka Kenya 1968, mwaka ambao Wahindi wenye pasi za Kiingereza walikuwa wakiwahi kabla Uingereza haijawafungia mlango.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo ndani ni samaki ama ni maiti?"

Tukacheka, na hapo ndipo tulipoharibu. Watu wawili waliosema hawajuani, sasa wanachekeana kwa lugha isiyojulikana mbele ya mbwa aliyeketi. Tukatenganishwa, kila mmoja na maswali yake.

Ikaletwa mashine ya picha. Halua ni sukari, wanga na samli vilivyoshikana. Kwenye mionzi inaonekana bonge zito, na chakula cha aina hiyo kinawatia wasiwasi wakaguzi hata viwanja vya ndege. Sasa bonge lenyewe limelalia saa yenye nyaya. Mwaka 2015 kule Irving, Texas, mtoto wa miaka 14 alitiwa pingu kwa kupeleka shuleni saa aliyoiunda mwenyewe, wala haikuwa na halua. Yeye Rais Obama alimwalika Ikulu. Mie niliulizwa kile chuma chenye meno ni cha nini.

Nikaomba ruhusa. Nikaikunjua mbuzi, nikaikalia katikati ya polisi na kofia yangu nyekundu, nikawakunia nazi ya hewani. Mmoja akauliza kama inaliwa na huo ubao.

Wakati wanaifungua karatasi ya papa, mbwa akachukua haki yake. Polisi mwingine kaishika saa juu chini anatafuta betri, ikafika saa kumi na dakika arubaini. Kwetu Isha. Ikaadhini mikononi mwake, kuba linawaka kijani. Akaganda. Polisi kijana mwenye asili ya Kiasia, aliyekuwa kimya muda wote, akatazama saa yake ya mkononi.

"Isha bado," akaninong'oneza. "Ila Magharibi imekuja hapahapa tumesimama."

Treni iliyofuata nilikaa na mzee, tukaivunja halua. Akanieleza mambo ya 2001: siku 4 baada ya Septemba 11, Kalasinga mwenzao alipigwa risasi akafa kwenye kituo chake cha mafuta huko Mesa, Arizona. Aliyempiga aliona kilemba, akaona imetosha. "Tangu hapo nalipa deni yenu," akasema. "Leo nimeshika mwenyewe." Akakata kipande kingine, kikubwa.

Dada alinisikiliza mpaka kwenye mbwa tu. "Kalilamba begi?" Kalilamba. Basi hakutaka kusikia tena habari za polisi wala bibi. Sisi Shafii: kilicholambwa na mbwa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Akamtoa shemeji bustanini usiku uleule, na ndevu zake, na sururu, na tochi mdomoni, maana ardhi ilikuwa imeganda. Begi pembeni yake.

Jirani akafungua dirisha, akauliza anazika nini.

Shemeji hajui uongo. Akatoa tochi mdomoni, akamjibu: "Siziki kitu. Naosha begi."