Ali yupi, na Tyson yupi?

Jumamosi jioni bwana mdogo mmoja wa kijiweni kwetu aliegemeza simu kwenye sinia ya kashata, akatuita tuangalie. Kwenye kioo Mike Tyson alikuwa anamshushia Muhammad Ali makonde ya mbavu, kisha moja la kidevu, na Ali, yule yule wa bukta nyeupe, akaenda chini raundi ya pili kama gunia la mkaa lililokatikiwa kamba. Ulikuwa mchezo wa kompyuta. Mtu kakaa mahali, kachagua mabondia wawili, mashine imecheza yenyewe, na video imezunguka kwenye magrupu mpaka ikatufikia. Dogo akachukua simu yake, akasema: "Haya, ubishi umekwisha. Kompyuta imeshapiga hesabu."

Mzee wetu mmoja aliweka kikombe chini, akasimama, akaondoka. Hakuaga. Mzee huyu ndiye aliyetusimulia mara nyingi jinsi asubuhi ya tarehe 30 Oktoba 1974 alivyochelewa kazini kwa ajili ya redio ya jirani. Kinshasa pambano la Ali na George Foreman lilipigwa saa kumi za usiku, kwa hiyo kwetu ilikuwa saa kumi na mbili, watu wanaamka. Anasema majirani walisimama barabarani na kanga na misuli ya kulalia, wanaulizana kama ni kweli.

Naandika haya hasira haijanitoka. Ali kupigwa kwenye katuni hakuniumizi, na ubishi wa mabingwa wa enzi tofauti naupenda kuliko mechi nyingi za sasa. Nimelelewa nao. Kilichoniudhi ni lile neno "umekwisha".

Kompyuta haikuanza jana kupewa kazi hii. Mwaka 1967, Ali akiwa amevuliwa mkanda kwa kukataa kuingia jeshini, Mmarekani mmoja aitwaye Murray Woroner alikusanya takwimu za mabingwa wa uzito wa juu, walio hai na waliokufa, akazilisha kompyuta, kisha matokeo yakatangazwa redioni raundi kwa raundi kama mapambano ya kweli. Kompyuta ikasema Ali ametolewa robo fainali na James Jeffries, bingwa aliyeuchukua mkanda mwaka 1899. Ali akafungua kesi, akidai dola milioni 1. Wakapatana nje ya mahakama: aje apigane na Rocky Marciano mbele ya kamera, na kompyuta iamue mwisho wake.

Hebu waone wale watu wawili walivyokuwa. Marciano alikuwa amestaafu tangu 1956, mapambano 49, ushindi 49. Mwaka 1969 ana miaka 45, amejinyima chakula mpaka akapungua, na kichwani kavaa nywele za bandia ili afanane na picha zake za zamani. Ali hajapanda ulingoni tangu Machi 1967, leseni hana, pesa hana. Wanarushiana ngumi za kugusana, vipande vya dakika moja moja, na miisho kadhaa inapigwa picha ili baadaye ichaguliwe mmoja. Tarehe 31 Agosti 1969, siku moja kabla ya kutimiza miaka 46, Marciano akafa kwenye ajali ya ndege. Hakuuona mwisho wa pambano lake mwenyewe. Januari 1970 Wamarekani wakajaa kwenye kumbi za sinema, wakamwona Ali akianguka raundi ya 13, na wapo waliotoka wakiamini wamepata jibu. Miaka zaidi ya hamsini imepita na bado tunaletewa jibu la aina ile ile, safari hii kwenye simu.

Sasa twende Kinshasa, maana hoja yangu yote iko kule.

Machi 1971, New York, Joe Frazier alimshinda Ali kwa pointi, na raundi ya 15 akamlaza chini kwa mkono wa kushoto. Machi 1973 Ken Norton akamvunja taya na kumshinda. Kweli, Ali alirudiana na wote wawili akawashinda, lakini kwa pointi, kwa jasho, na Norton wa marudiano alikuwa karibu sana. George Foreman akawachukua watu hao hao. Frazier aliangushwa mara sita ndani ya raundi mbili, Kingston, Januari 1973. Norton naye hakuvuka raundi ya pili, Caracas, Machi 1974. Foreman alipotua Zaire alikuwa na mapambano 40, ushindi 40, na 37 kati ya hayo watu hawakufika mwisho. Ana miaka 25. Ali ana 32.

Piga hesabu utakavyo. Uzito, umri, nani kampiga nani, kwa raundi ngapi. Kila ukihesabu, Foreman anashinda.

Tuseme basi Foreman angezaliwa miaka ishirini baadaye. Wasingekutana kamwe. Leo kijiweni tungekuwa tunabishana: Ali na Foreman, nani mkali? Na mimi, niliyekulia kwenye nyumba yenye picha ya Ali sebuleni, ningemtetea kwa mdomo tu. Moyoni ningejua anapigwa. Wote tungejua. Ungeonekana mwendawazimu kusema kwamba Ali angeegemea kwenye kamba, akajifunika mikono, akamwacha mpigaji mzito kuliko wote ajichoshe mwenyewe kwenye joto lile. Angelo Dundee, aliyekaa kwenye kona yake miaka yote, alikuwa anampigia kelele atoke kwenye kamba! Kocha wake mwenyewe hakulijua. Halafu raundi ya 8, sekunde chache kabla ya kengele, mkono wa kulia, na Foreman anazunguka polepole kuelekea chini huku Ali ameukunja tena mkono huo huo na haupigi.

Ukiirudia kanda, usimwangalie Foreman pale. Uangalie huo mkono wa kulia wa Ali uliobaki juu. Anao uwezo wa kumwongeza konde lingine wakati anaanguka, na anauzuia. Takwimu ipi ya kabla ya usiku ule ingekuambia atafanya hivyo?

Ndiyo maana nasema pambano ambalo halikupigwa halina mwisho. Bondia mkubwa anaweza kutoa ulingoni kitu ambacho hakikuwemo kwenye rekodi yake mpaka dakika ile.

Na wanaompenda Tyson wasidhani nawaonea, kwa sababu wao wana Tokyo. Tarehe 11 Februari 1990 Buster Douglas alikuwa mtu wa kupita njia tu. Waliokubali dau walimweka 42 kwa 1. Mama yake alikuwa amefariki wiki chache kabla. Raundi ya 8 alilala chini, akainuka, na raundi ya 10 Tyson ndiye aliyekuwa anatafuta kilinda meno chake sakafuni kwa kupapasa. Kama pambano lile lingeahirishwa na lisipigwe tena, nani leo angebishana kuhusu Tyson na Douglas? Tungecheka tu, tukaagiza kahawa nyingine.

Kuna wanaosema ngumi zina bahati, mbona enzi zimewahi kukutana kweli? Zimekutana, ndiyo, na kila mara mmoja ameletwa akiwa amechelewa. Jeffries alivutwa kutoka mapumziko ya karibu miaka sita ili amtoe Jack Johnson, Reno, 4 Julai 1910, na alipigwa. Joe Louis alikuwa na miaka 37 Marciano alipomtoa nje ya kamba mwaka 1951. Novemba 2024 wametupandishia Tyson wa miaka 58 dhidi ya kijana wa miaka 27, na kuna mtu mzima aliniambia kwa sauti kavu kwamba sasa tumejua Tyson alikuwa wa kawaida. Sikumjibu. Babu yako akishindwa kupanda mnazi leo, hujathibitisha kwamba hakuwahi kuangua nazi.

Hata sisi hapa Dar tulimpata Ali, lakini yupi? Februari 1980 Rais Carter alimtuma azunguke Afrika kuomba nchi zisusie Olimpiki ya Moscow, na kituo cha kwanza kilikuwa Tanzania. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Waandishi wetu wakamwuliza mbona Marekani haikusimama na Afrika iliposusia mwaka 1976, na yeye mwenyewe akaanza kuona swali lina uzito. Mtu huyo aliyetua Dar alikuwa na miaka 38, amestaafu, mwili umeshajaa. Oktoba mwaka huo huo alirudi ulingoni kwa Larry Holmes na kona yake ikalazimika kusimamisha pambano. Jina ni lile lile. Ukimwambia mtu "Ali angempiga Tyson", kwanza mwambie ni Ali wa tarehe ngapi.

Vivyo hivyo sheria. Ali alijengwa kwa raundi 15. Baada ya bondia Duk Koo Kim kupigwa Las Vegas Novemba 1982 na kufariki siku chache baadaye, mapambano ya ubingwa yalipunguzwa kuwa raundi 12. Raundi tatu hizo ndizo Frazier alizomwangushia Ali. Ni mchezo mwingine.

Nitoke nje ya njia kidogo, maana hili linaniuma zaidi. Tuna kanda za Ali, tuna za Tyson, mtoto wa shule anaweza kuzitazama usiku kucha. Mabondia wetu je? Titus Simba alituletea medali ya fedha kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, 1970. Nimeuliza kijiwe kizima kama alikuwa anatumia mkono wa kushoto au wa kulia. Hakuna aliyejua. Kila wiki tunabishana Rashid Matumla wa miaka ya tisini na Hassan Mwakinyo yule aliyemmaliza Sam Eggington raundi ya pili, Birmingham, 2018, na upande mmoja wa ubishi una video na upande mwingine una kumbukumbu za wazee wanaozidi kupungua. Walio na kanda za zamani kwenye masanduku, tafadhali, watoeni mabondia wetu humo kabla panya hawajamaliza.

Haya, na mimi nichague, nisije nikaonekana nakimbia. Namchukua Ali wa 14 Novemba 1966, Houston, usiku aliomtoa Cleveland Williams raundi ya 3. Namchukua Tyson wa 22 Novemba 1986, Las Vegas, miaka 20, aliyemfanya Trevor Berbick aanguke mara tatu kwa konde moja, anainuka na miguu inamkataa. Wengi hawajui kwamba Tyson huyo ndiye mzito: kama kilo 100 kwa 96 za Ali. Lakini Ali anamzidi urefu kwa sentimita 13, na mikono yake ni mirefu zaidi.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba Tyson angemwangusha. Ali alikuwa na tabia ya kushusha mikono na kuvuta kichwa nyuma, na Henry Cooper alimwadhibu kwa hilo Wembley mwaka 1963 kwa mkono wa kushoto. Tyson ana kushoto kuzito kuliko Cooper, na hakupi nafasi ya kuvuta pumzi. Raundi mbili za mwanzo mimi ningefumba macho. Ila Ali alikuwa anainuka. Tena staili ya Tyson, kichwa kikicheza na glovu mbili mashavuni, ilitoka kwa Cus D'Amato, na mwanafunzi mwingine wa D'Amato, Floyd Patterson, alikutana na Ali mwaka 1965 akateswa kwa ngumi nyoofu ya kushoto mpaka raundi ya 12. Patterson alikuwa mdogo na mgongo ulimsumbua, sawa. James Tillis, kwa upande mwingine, alikuwa mzima, na Mei 1986 alimaliza raundi zote 10 na Tyson kwa sababu alikuwa anatembea. Ali anatembea kuliko Tillis. Pambano la raundi 15, Ali anashinda, baada ya ile ya kumi.

Hayo niliyasema kijiweni Jumapili, mzee akiwepo, dogo akisikiliza kimya na simu mfukoni. Jumatatu dogo akarudi. Macho mekundu, hakulala. "Kaka," akaniambia, "nimeitazama ile ya Houston yote. Halafu nikasoma. Huyo Williams alipigwa risasi na polisi mwaka 1964, akatolewa figo moja. Sasa huo ndio usiku bora wa Ali? Kwa mtu mwenye figo moja?"

Nilikuwa nalijua hilo. Sikuwa nimelisema.

Mzee alimwangalia muda mrefu, kisha akajisogeza kwenye benchi na kupiga ubao kwa kiganja. "Kaa hapa, mwanangu. Mmiminie kahawa huyu. Haya, na Tokyo utasemaje?"