Mjumbe anajua milango yote

Simu ililia nikiwa kwenye foleni ya mafuta hapa Tampa, Florida, Marekani, siku mbili kabla ya kimbunga Milton. Ujumbe mfupi tu: wakazi wa kanda A na B waondoke. Mimi niko B. Hapa kila nyumba ya karibu na maji ina herufi ya kanda yake, ya kujua nani aondoke kimbunga kikija. Unaandika anwani, ramani inakuonyesha. Nilimshukuru Mungu, nikakunja blanketi, nikaenda kulala kwenye shule iliyofunguliwa kupokea watu. Lakini njiani kitu kilinikaba kooni. Nimekulia Kigogo, Dar es Salaam, hatua chache kutoka Mto Msimbazi, na nyumba yetu haijawahi kuwa na herufi. Sisi ni "wakazi wa mabondeni", basi.

Milton kilitua usiku wa Oktoba 9, 2024, kusini kwetu, karibu na Siesta Key. Bahari ilituacha salama, umeme ukaondoka. Tarehe 11 asubuhi, nikichaji simu ndani ya gari, nikampigia mama. Shikamoo, marahaba, pole na kimbunga mwanangu. Halafu akaanza kuniharakisha: "Mjumbe kapita sasa hivi, leo ndiyo wanaanza kuandikisha, nataka niwahi." Ulikuwa uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024. Mjumbe, yule kiongozi wa nyumba kumi, alishagonga kila mlango. Anajua nani kahama, nani kafiwa, mpangaji gani katimiza miaka 18.

Hapo ndipo ninapochoka kabisa. Kumbe tunajulikana! Kura ikija tuna majina matatu matatu. Mto ukijaa tunakuwa "mabondeni".

Najua mtakachosema. Kwamba nimevuka maji nimesahau kwetu. Kwamba Marekani wana hela. Sawa, hela wanazo, lakini herufi inauzwa shilingi ngapi? Daftari mjumbe analo, kalamu anayo, miguu anayo. Mwingine atasema tunaambiwa tuhame hatusikii. Ndugu yangu, baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia zilipewa viwanja Mabwepande, zikaenda. Mtu ukimwambia "ondoka" bila kumwambia alale wapi na watoto, atakaa na kabati lake.

Wala sisemi hatuwezi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoisogelea Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, boti za Zanzibar zikasimama. Nilijivunia wataalamu wetu, nikawaonyesha wenzangu kazini ile ramani yao. Taarifa ilifika redioni vizuri kabisa. Kutoka redioni mpaka mlangoni kwa mama ndipo ilipokosa wa kuibeba.

Na msidhani huku ni peponi. Jirani yangu wa kushoto alikuwa na bango la Trump, wa kulia la Harris. Kabla ya upepo kila mmoja aling'oa lake lisije likapasua dirisha la mtu, wakarudi ndani bila hata salamu. Nimeishi nao miaka minne. Jina la huyo wa kulia nimelijua juzi darasani, tukiwa tumelala sakafuni. Kigogo mwaka 2011 vijana walimtoa bibi yangu mgongoni, maji yakiwa kifuani, na hakuna aliyemuuliza kadi ya chama. Moyo ule sijauona huku, na ninautamani kila siku. Lakini bibi alikaa juu ya meza tangu alfajiri akiwasubiri, na hilo pia nalikumbuka.

Nilimuuliza mama kama mjumbe amegusia chochote kuhusu mvua za vuli. Hapana. Alama ya maji ya mwaka ule bado ipo ukutani sebuleni, juu kidogo ya swichi ya taa. Mjumbe alisimama pale pale kuandika majina, ameipa mgongo. Nimemwomba mama, akipita tena, amgeuze aitazame.