Umoja wa huduma hauletwi na kikao

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Hili jambo limekaa moyoni mwangu muda mrefu, leo naliandika kama lilivyo.

Miaka kadhaa iliyopita kanisani kwetu kwaya ya vijana na timu ya sifa tuligombana, na mimi ndo nilikuwa katibu wa kwaya kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Chanzo vyombo tu, kinanda kimoja, spika mbili, mixa moja, na nani aanze ibada ya pili. Wazee wa kanisa wakaita kikao kikavunjika, wakaita cha pili tukapangiwa ratiba ya mazoezi, Jumanne wao Alhamisi sisi, ikabandikwa mlangoni na wiki hiyohiyo mtu kaichana. Ikaja semina ya umoja siku mbili, na tisheti juu, tukashikana mikono tukaimba vizuri kabisa, Jumapili iliyofuata hatusalimiani.

Sasa kuna bibi mmoja pale, wa ushirika wa uamsho wa Afrika Mashariki, wale wazee wa wimbo wa Tukutendereza mnawajua. Akatuita mimi na kiongozi wa sifa kwake, akatupa chai na viazi vitamu, hakuuliza nani kaanza. Akasema tu, "Wanangu, kila mmoja anieleze ya kwake, ya mwenzake ayaache hukohuko." Tulikaa kimya mpaka chai ikapoa. Mwisho nikasema: ile adapta ya kinanda iliyopotea wiki tatu, ambayo kanisa zima linajua imeibiwa, iko kwangu kabatini, niliichukua makusudi ili wenzetu wakwame. Mwenzangu akalia, akasema na yeye alikuwa anafunga na kuomba kwaya yetu iaibike siku ya tamasha. Bibi akatuombea maneno machache sana, tukaondoka. Kesho yake nikairudisha adapta mbele ya watu wote na nikasema ilikuwa wapi.

Toka hapo nausoma Waefeso 4:3 kwa macho mengine. Paulo anasema tujitahidi "kuuhifadhi umoja wa Roho". Kuuhifadhi, hasemi kuuanzisha. Yaani umoja tumeshapewa na Roho siku tulipobatizwa katika mwili mmoja, kamati haina uwezo wa kuutengeneza, ila mimi nina uwezo mkubwa sana wa kuuharibu, tena kimyakimya na huku naimba. Ndo maana ratiba peke yake haikutusaidia, maana ratiba haiwezi kumuuliza mtu anaomba nini usiku.

Na huu uamsho wenyewe ulianza hivyohivyo. Mwaka 1929 Simeon Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari mmisionari Mwingereza, walikutana Namirembe pale Kampala wakakaa siku kadhaa wanasoma Neno na kuomba. Church alikuwa na hospitali Gahini, Rwanda, na huko kazi haiendi, wahudumu na wakubwa wao hawaelewani. Yosiya Kinuka, mmoja wa wasaidizi wa hospitali, akaenda Kampala kwa Nsibambi, akaulizwa habari za Gahini, akamwaga malalamiko yote. Nsibambi akamwambia hali ya hospitali ni mbaya kwa sababu ya dhambi iliyo moyoni mwake yeye Kinuka. Hebu fikiria, umesafiri mbali hivyo na mashitaka yako afu unajibiwa hivyo! Safari ya kurudi neno lile likamfanyia kazi, akarudi katubu, na baadae akawa mmoja wa viongozi wa uamsho wenyewe.

Paulo naye Wafilipi 4 anawataja Euodia na Sintike, akina mama walioishindania Injili pamoja naye, barua inasomwa mbele ya kanisa zima, na hasemi nani ana haki. Anasema namsihi Euodia, namsihi na Sintike, kila mmoja neno lake, afu anamwomba mtu wa tatu awasaidie. Kila nikifika hapo namuona yule bibi na viazi vyake.

Kuna ndugu ataniambia kwa hiyo tufute katiba na vikao? Hapana. Hela ya mnada wa mavuno ikipotea vitabu vikaguliwe, na aliyekula arudishe, Zakayo alirudisha mara nne. Toba isiyorudisha kitu mimi siielewi.

Lipo la kuumiza zaidi. Gahini iko Rwanda. Nchi ileile iliyowaka moto wa uamsho ndiyo ambayo mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi, watu walikimbilia makanisani na wakauawa mlemle, Ntarama, Nyamata, na baadhi ya wauaji walikuwa Wakristo wenzao. Nimelitafakari hili mara nyingi na linanitisha. Ninavyoona, toba inaweza kuzoeleka, mtu akatubu hasira na pombe na uongo kila wiki, lakini chuki ya kabila isiguswe kwa sababu hakuna anayeiita dhambi kwa jina lake. Na sisi huku tusijione salama, uchaguzi wa viongozi wa kanisa ukikaribia sikiliza mazungumzo ya nje baada ya ibada, watu hawaulizi huyu mtumishi anaomba, wanauliza katoka wapi na mke wake ni wa wapi. Hiyo nayo iletwe kwenye nuru, 1 Yohana 1:7 inasema tukienenda nuruni ndipo tunashirikiana sisi kwa sisi. Ushirika unafuata nuru, na nuru inaonyesha kila kitu, sio zile dhambi nyepesi tu tulizozoea kuzisema.

Jumamosi tuna kikao cha maandalizi ya Pasaka, kwaya nne na timu ya sifa, na maneno ya chinichini yameshaanza kuhusu nani ataimba mwisho. Nimemwomba mwenyekiti nusu saa kabla ya ajenda ya kwanza, bila maiki, watu wakae wawiliwawili. Bado hajanijibu. Yule kiongozi wa sifa wa wakati ule kanipigia jana, anasema yeye atafika mapema, tuanze sisi.