Kemikali za mimea ya dawa: silaha au bahati?

Ukilichanja tunda bichi la mpopi, mmea wa afyuni, kwa ncha ya kisu, utomvu mweupe huchuruzika, kisha hugeuka kahawia na kunata. Ndani yake mna mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Maumivu ya binadamu hayaihusu mimea. Kwa nini basi mpopi ujitwishe kazi hiyo?

Mwaka 1959 mwanabiolojia Gottfried Fraenkel alijibu kwamba kemikali za namna hii ni kinga dhidi ya wadudu. Mwaka 1991 wanasayansi Clive Jones na Richard Firn wakaja na hoja nyingine: nyingi hazina nguvu yoyote ya maana, ila mmea unaotengeneza za aina nyingi hujiongezea nafasi ya kupata moja inayofaa.

Jeni zinampa Fraenkel ushahidi mzito. Jenomu (jumla ya jeni) ya mbuni, yaani mti wa kahawa, iliyochapishwa mwaka 2014, ilionyesha kwamba vimeng'enya vyake (protini zinazoendesha kazi za kikemikali) vya kutengeneza kafeini vilichipuka peke yavyo, mbali na vile vya mchai na mkakao. Mimea isiyo na undugu wa karibu imefika kwenye kemikali ileile, na mimi siwezi kuliita jambo hilo ajali. Mpopi nao, jenomu yake iliposomwa mwaka 2018, ulikutwa na jeni 15 za kutengeneza noskapini, kemikali nyingine ya mpopi, na za njia ya kuelekea mofini zikiwa jirani kwenye kromosomu moja. Mojawapo, STORR, ni jeni mbili zilizoungana zikawa moja. Jeni za kazi moja zikikaa karibu hurithiwa pamoja, na ni vigumu kueleza ujirani huo bila uteuzi wa asili.

Hata hivyo, malighafi ya uteuzi huo ni bahati tupu. Jeni hunakiliwa mara mbili kimakosa. Nakala moja hubaki na kazi ya zamani; nyingine, kwa kuwa haitegemewi tena, huachwa ibadilike ovyo. Nyingi hufa. Chache huangukia kazi mpya.

Mfano unaonisumbua zaidi ni vinblastini, dawa ya saratani ya tezi za limfu itokayo kwenye Catharanthus roseus, ua la asili ya Madagaska. Molekuli yake huundwa kwa kuunganisha nusu mbili, na mmea huziweka mahali tofauti: katharanthini hutolewa hadi kwenye nta iliyo juu ya jani, vindolini hubaki ndani ya seli. Ndiyo maana gramu moja ya dawa hudai mamia ya kilo za majani makavu. Katharanthini, iliyopangwa pale juu mdudu anapoanzia kung'ata, naiona ni silaha. Lakini vinblastini yenyewe, kwa uhaba huo na kwa nusu zilizotenganishwa hivyo, naiweka upande wa Jones na Firn, mpaka mtu aonyeshe faida ambayo ua lenyewe hupata kwa kuwa nayo.